Gari Juu ya Matofali

Jumamosi, 1 Machi

Mvua zimeanza. Nimeona niandike, maana watu wa nyumba hii wana tabia ya kusahau nani alifanya nini, halafu baadaye utasikia gari lilitengenezwa gereji. Gari hili nalitengeneza mimi. Mwandiko wangu si wa shule. Kuandika nilijifunzia kwenye karatasi za mizigo nilipokuwa utingo, nikapanda mpaka nikawa dereva wa lori, na lori langu halikulala njiani hata siku moja kwa ubovu ambao mikono hii haikuuweza. Kwa hiyo naandika ninavyoongea. Asiyetaka asisome.

Ubovu ni huu. Miguu ya mbele ya gari imekufa. Shokapu zote mbili zimevuja mafuta, na zile raba za kwenye mkono wa chini, kile chuma kinachoshika gurudumu, ambazo sisi tunaziita bushi, zimelika. Ukipita kwenye shimo gari linagonga kama mtu anapiga sufuria. Mimi ningeweza kuishi nalo hivyo hivyo. Lakini mke wangu alianguka bafuni mwaka jana akavunjika nyonga, wakamtia chuma, na sasa kila Alhamisi anatakiwa hospitali kwa mazoezi ya mguu. Barabara ya kwenda huko ni mashimo matupu. Kila shimo anavuta pumzi kwa meno. Hasemi kitu. Huyu ni mwanamke anayenisema hata ninavyokunja shuka, lakini ndani ya gari langu ananyamaza na kuvuta pumzi, na mimi nasikia.

Kabla mvua hazijaisha gari litakuwa laini na nitampeleka mwenyewe. Nimemaliza.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ameenda na mkwe.

Mkwe wangu ni fundi cherehani. Nyumba yao iko nyuma ya yangu, ua ni mmoja, na chumba chake cha kushonea kinatazama barabarani. Ana gari dogo la juzijuzi. Ni mpole kupita kiasi. Mimi namwita Sindano, si mbele yake. Kila nisemalo yeye ni ndiyo, baba. Umwambie jua linatokea jikoni, atasema ndiyo, baba. Asubuhi nilikuwa nimeshawasha gari, akaja akasimama kwenye ngazi, mikono nyuma.

"Umeamkaje, baba."

"Salama. Sema."

"Nilikuwa naelekea huko huko, kununua nyuzi. Nikasema labda mama..."

"Siku hizi nyuzi zinauzwa hospitali?"

"Karibu na hospitali, baba."

Mke wangu alishatoka na mkongojo wake. "Baba watoto, niache niende na mkwe wangu. Gari lako lipumzike leo."

"Halijachoka."

"Basi mimi nipumzike nalo."

Akapanda. Wamerudi mchana, akashuka anacheka. Nikamuuliza safari ilikuwaje. Nzuri, akasema. Sikuuliza zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimenunua shokapu mbili na bushi za pande zote. Springi nitarudishia zile zile, ni nzima. Mwenye duka la spea ni mama mmoja mwenye sauti nzito kuliko yangu. Aliniuliza gereji gani inanifungia.

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mikono yangu."

"Mzee wangu, springi hiyo haijui kwamba wewe ni mzee."

Nikamwambia nilikuwa nafunga springi kabla yeye hajaota meno. Akasema zile za lori ni bapa, zimelala, hizi za kujizungusha zimebanwa zinangoja mtu. Akanipa vibanio viwili vya kukazia springi, niazime, nirudishe. Nilitaka kukataa. Nimechukua, kwa sababu zamani kwenye yadi yetu niliona springi ikitoka mahali pake ikamvunja taya mtu aliyekuwa anacheka. Hilo sikumwambia huyo mama.

Jumatano, 12 Machi

Nimelipandisha gari kwenye kibanda cha mabati. Nimeinua kwa jeki, nikaliweka juu ya matofali.

Matofali ni yangu. Niliyafyatua mwenyewe, saruji na mchanga, wakati namjengea binti yangu ile nyumba ya nyuma. Yaliyobaki yalikuwa yamekaa kando ya choo. Nyumba ile imesimama miaka yote haina hata ufa. Tofali linalobeba ukuta, paa na ugomvi wote wa humo ndani, leo lishindwe na kigari? Nimepanga mawili mawili kila upande, juu nikalaza kipande cha ubao. Hakuna fundi gereji anayepanga sawasawa hivi.

Jioni binti akaja, akainama akachungulia.

"Baba, haya si yana matundu?"

"Ndivyo yanavyofyatuliwa."

"Mume wangu anauliza kama..."

"Mume wako ana mdomo."

"Anakuheshimu."

"Basi ayaheshimu na matofali yangu."

Akaondoka. Binti huyu akikasirika anatembea kama mama yake, visigino vinapiga chini.

Alhamisi, 13 Machi

Ameenda na mkwe.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi nimekuta kitu mlangoni kimefungwa kwa kitambaa cha kushonea. Nikafungua. Stendi mbili za chuma za kusimamishia gari, mpya, bado zinanuka rangi. Hakuna mtu, hakuna neno. Nikamuuliza binti. "Anasema kama utazihitaji." Anasema, lakini hasemi. Mwanamume mzima anapita kwa mkewe ili aniambie mimi tofali langu ni bovu.

Nimezipeleka kwenye pipa la maji, lilikuwa linalalia upande. Nimelaza ubao juu ya zile stendi na pipa juu ya ubao. Limesimama wima kama askari.

Mchana Sindano akapita na mita yake shingoni. Akaliona. Akasimama kidogo.

"Pipa limekaa vizuri, baba."

"Limekaa."

Akaenda zake.

Jumapili, 16 Machi

Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Jeki imezama kwenye udongo. Nimeitoa nikaiosha.

Jumatano, 19 Machi

Leo upande wa kushoto umekamilika, na ningependa waliosema mzee amekwisha wangekuwepo.

Nilitoa tairi, nikalegeza bolti za chini, halafu nati za juu, zile zinazoonekana ukifungua boneti. Ile nati kubwa ya katikati sikuigusa. Hapo ndipo wajinga hufa. Ukiifungua hiyo kabla ya kuibana springi, umefungua bunduki. Nikautoa mguu mzima na springi yake, nikaulaza kwenye meza. Nikatia vibanio, kimoja huku, kingine ng'ambo yake, nikakaza huku kidogo, kule kidogo, kwa zamu, ili isiiname. Juu yake nikazungusha mnyororo. Nikamfukuza kila mtu upande ule springi inakotazama. Mke wangu alikuwa kwenye kiti chake barazani, nikamwambia asogee.

"Nisogee wapi na mguu huu?"

Nikamsogeza na kiti chake.

Nikaifungua ile nati. Springi ikatulia ndani ya vibanio. Shokapu ya zamani nikaivuta, ikaingia ndani ikabaki huko, haina nguvu hata ya kurudi. Mpya niliisukuma kwa uzito wangu wote, ikanirudisha juu.

Mke wangu akasema, "Hiyo ina adabu kuliko wewe."

"Ni kwa ajili yako."

"Najua ni kwa ajili ya nani," akasema. Sikuelewa alikuwa na maana gani, wala sikuuliza, nilikuwa na kazi.

Alhamisi, 20 Machi

Na Sindano.

Jumanne, 25 Machi

Upande wa kulia. Shokapu imeingia. Bado bushi za chini. Bega langu la kulia likilala chini ya gari haliamki, nimelazimika kutoka kwa kujiviringisha kama gunia. Binti aliniona. Hakucheka, bora angecheka.

Alhamisi, 27 Machi

Leo wamechelewa kurudi. Wamepitia sokoni, kana kwamba ni matembezi. Mke wangu alikuwa na maneno mengi, mkwe amesema hivi, mkwe ameona vile.

"Kwani hilo gari lake lina nini?"

"Halina kitu. Linapita tu."

"Langu nalo litapita."

"Lini? Mwezi huu unaisha na liko juu ya matofali. Baba watoto, kuna aibu gani mtu akikusaidia? Ni mtoto wako yule."

"Mtoto wangu ni yule aliyeolewa naye."

Akanitazama. "Basi sawa," akasema, akaingia ndani. Basi sawa ya mke wangu ni ukuta.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua siku zote hizi, upepo unaiingiza kibandani. Bolti ya ndani ya mkono wa chini, upande wa kulia, imekataa. Nimeimwagia mafuta, nimeigonga, nimeitukana. Nikiwa chini mchanga ulinidondokea shingoni kutoka kwenye tofali. Mchanga hudondoka, ndiyo kazi yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo naandika polepole.

Bolti ile inahitaji watu wawili. Mmoja awe chini ashike nati isizunguke, mwingine awe nje avute. Nikaenda chumba cha kushonea. Alikuwa anakata sare za shule, kitambaa kimejaa meza nzima.

"Mkwe, njoo unishikie nati."

Akaweka mkasi chini. Akatazama nje mpaka kwenye gari, akatazama sana. "Sasa hivi, baba?"

"Mvua imekata sasa hivi."

"Ndiyo, baba."

Alikuja na shati lake jeupe. Akalizunguka gari, akainama, akagusa tofali moja kwa kidole kama anavyogusa kitambaa dukani. Nikamuuliza kama anapima. Akasema hapana, natazama tu, baba. Halafu akalichukua lile tairi nililokuwa nimelivua, akalibiringisha, akalilaza chini ya ubavu wa gari, usawa wa mlango.

"Hilo la nini?"

"Lisitupinge njia, baba."

Halikuwa linatupinga njia yoyote. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Nikacheka. "Unakiogopa kigari?"

Mke wangu akasema kutoka barazani, "Mwache aogope, kuna ubaya gani?"

Sindano akalala chali kwenye gunia, akaingia.

Nikavuta. Haikutoka. Nikachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, nikavuta kwa uzito wote. Gari likayumba. Kutoka chini akasema, "Baba, tungoje kidogo." Nilisikia. Naandika hapa kwamba nilisikia. Nikavuta tena.

Mimi nilikuwa nadhani tofali hupasuka kwa ufa kwanza, mtu akaona. Hili lilikuwa tofali, halafu likawa mchanga, hapakuwa na kitu katikati. Gari likaja chini. Likakaa juu ya tairi lile, limeinama. Kifua chake kilikuwa usawa ule. Kama si tairi basi nisingekuwa naandika mambo haya, ningekuwa naandika mengine. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeshika spana kule juu, na chuma kikaukalia.

Hakupiga kelele. Alisema "baba" mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anayeniita akiwa nje ya mlango.

Nikatia jeki. Nikapandisha, na badala ya gari kuinuka jeki ikawa inazama kwenye tope. Nikapandisha tena, ikazama tena. Binti akatoka anakimbia. Hakuja kwa mumewe, hakuja kwangu. Alienda moja kwa moja kwenye pipa la maji akalisukuma kwa miguu likaanguka, maji yakamwagika ua mzima, akaja na ule ubao na stendi. Ubao akautia chini ya jeki. Gari likapanda. Stendi akaisukuma chini ya ule mhimili wa ubavuni, mahali penyewe hasa, wala hakuniuliza wapi. Majirani waliokuja mbio wakamvuta mkwe kwa miguu.

Muda huo wote mimi nilikuwa nimeshika bomba.

Jumapili, 6 Aprili

Kiganja na vidole viwili. Navyo hospitali wamevitia chuma.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilikwenda nyumba ya nyuma. Binti alikuwa anafua lile shati. Nikamwambia matofali niliyafyatua vizuri, saruji haikupunjwa, ni mvua ndiyo iliyoyaharibu.

"Baba, sisi tunalala ndani ya matofali hayo hayo. Usiniambie yalikuwa mabovu. Ukutani yako sawa. Wewe uliyaweka mahali pasipo pake."

"Mbona yeye hakusema?"

Akaacha kufua. "Alisema. Alikuletea chuma mlangoni. Ulitaka aseme vipi tena? Nani humu ndani amewahi kukuambia hapana akalala kwa amani? Mama hasemi. Mimi nikisema nageuziwa mgongo. Sasa yeye mkwe, tena yatima, ambaye wewe ndiye baba pekee aliyempata, angekuambia?"

"Angekataa kuingia."

"Ndiyo," akasema. "Angekataa." Akarudi kufua. Nilisimama pale mpaka nikaona sina kazi pale.

Alhamisi, 10 Aprili

Mke wangu hakwenda mazoezi. Amesema leo mguu haumsumbui. Mwongo mkubwa.

Jumanne, 15 Aprili

Cherehani iko kimya. Sikuwahi kujua kwamba naisikia, iko nyuma ya kila kitu, hata redio. Leo mwenye shule amekuja kuchukua kitambaa chake, kilichokatwa na kisichokatwa. Mkwe alimfungia mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akamsindikiza mpaka barabarani, akamwombea radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi.

Mke wangu siku hizi anashinda huko nyuma. Chakula nakuta kimefunikwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimerudi kwenye gari. Nimezichukua zile stendi, nimezipangusa tope. Matofali nimeyabeba yote nikayatupa kando ya choo, nikaona hayatoshi kuwa mbali, nikayapeleka nje ya ua.

Chini ya kila stendi nimelaza ubao mpana. Nikalisukuma gari kwa kiwiliwili changu, huku na kule, kwa nguvu. Halikutikisika. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Springi niliiheshimu. Nilitia vibanio, nikatia mnyororo, nikafukuza watu. Kwa sababu springi inasukuma, ina kelele, kila mtu anaujua ubaya wake. Kile kilichokaa kimya chini, kimebeba kila kitu, nikakidharau. Simwandikii mtu. Naandika tu.

Alhamisi, 24 Aprili

Ameenda na teksi. Nilimsikia akivuta pumzi hata kabla ya kupanda.

Jumatatu, 28 Aprili

Bolti ilitoka jana, nati nimeizuia kwa spana iliyoegemea mkono wa chini. Leo nilitia bushi mpya, nikapachika mkono wa chini, gari likiwa bado juu, mguu wake unaning'inia. Nikatia spana nikaanza kukaza. Mvua ilikuwa ndogo.

"Hapana."

Nikadhani nimesikia vibaya. Alikuwa amesimama ukingoni mwa kibanda, mkono umefungwa kifuani, mweupe wa plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Hapana nini?"

"Usikaze hapo likiwa juu. Shusha kwanza."

Hakusema baba. Nilingoja aseme, hakusema.

"Bushi ni raba," akasema. "Ukiikaza mguu ukiwa unaning'inia, itashika hivyo. Ukishusha gari itajisokota, kila siku inajisokota, mpaka ichanike. Ifunge ikae tu. Weka tairi, shusha gari lisimame kwa miguu yake, ndipo ukaze ya mwisho."

"Nani kakuambia?"

"Nilisoma kwenye karatasi iliyokuja na bushi. Ulikuwa umeitupa. Na nguo ndivyo zilivyo. Simpimi mtu suruali akiwa amekaa."

"Mbona leo unasema?"

Akatazama gari, si mimi. "Mama atapanda hili."

Akageuka akaenda. Nimefunga tairi, nimeshusha gari, nimelala chini mvuani bega linalia, nimekaza kama alivyosema. Wala hakurudi kuangalia.

Jumanne, 6 Mei

Limekwisha. Nimelipeleka kupimwa magurudumu yakae sawa, fundi akauliza kazi hii ya nani. Yangu, nikasema. Ilinitoka kwa mazoea, na nilipokuwa narudi nikawa nimeshaijutia. Nimeweka magunia mawili ya mchanga kwenye kiti cha mke wangu, nikazunguka nayo mjini. Gari linaelea.

Alhamisi, 8 Mei

Asubuhi nilimwambia liko tayari.

"Umelijaribu na nani?"

"Na mchanga."

"Mchanga haulalamiki."

"Na wewe hulalamiki, unavuta pumzi."

Akachukua mkongojo wake akapanda. Nikamuuliza binti kama mkwe naye hana siku yake ya kliniki ya mkono leo, hospitali ni ile ile. Ameshaondoka, akasema. Alikuwa anapanga vyombo, na akaendelea kuvipanga.

Shimo la kwanza, lile kubwa mbele ya kiwanda cha mbao, mke wangu aliukamata mlango akajiandaa. Gari likashuka likapanda. Akangoja. Akauachia mlango.

"Laini," akasema.

Mimi kampuni ilinipa cheti cha udereva bora, kiko ukutani. Kile ni karatasi. Neno hili nimelisubiri mvua nzima. Nilitaka kumwambia kitu lakini nikaona nisiharibu, nikaendesha.

Kwenye kituo cha basi alikuwa amesimama mkwe, manyunyu yanampiga, plasta ameivika mfuko wa plastiki. Mke wangu akasema simamisha. Nilikuwa nimeshaanza kusimamisha, sikuhitaji kuambiwa. Nikashusha kioo.

"Ingia, mkwe. Njia ni moja."

"Asante, baba. Nitapanda linalokuja."

"Unaloa."

"Nitapanda linalokuja."

"Gari ni zima. Nimekaza ulivyosema, limeshuka kwanza. Ingia uone."

Akainama mpaka uso wake ukawa kwenye dirisha. Si uso wa hasira. Ningejua la kufanya na hasira.

"Najua ni zima, baba. Nililiona lilipopita juzi. Lakini mimi siwezi kuingia tena ndani ya kitu ulichofunga wewe. Nimejaribu, nimesimama hapa nikijua mtapita, nikajiambia nitaingia. Mwili umekataa. Unisamehe."

Basi alilokuwa analingoja likawa linakuja nyuma yetu, linapiga honi.

Nikasikia mlango wa upande wa pili. Mke wangu alikuwa ameshatoa mguu mbovu nje.

"Mama, rudi ndani," mkwe akasema.

"Nyamaza, ulishazoea kunyamaza. Nishike mkono."

"Mama watoto," nikamwambia, "basi lile litakuua. Nyonga yako."

"Ni yangu." Akasimama kwenye maji ya barabarani, akaegemea mlango. "Umenitengenezea gari zuri. Kweli. Sijawahi kupanda laini kama hili. Ulimwengu mzima ulikuwa unakuambia simama, na wewe ulikuwa unanitengenezea gari." Akafunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga chumba alicholala mgonjwa.

Kondakta akamshika kwapa, mkwe akamsukuma kwa mkono wake mmoja. Wakapanda.

Nililifuata basi. Sikujua nifanye nini kingine. Walikaa kiti cha nyuma kabisa, hapakuwa na nafasi kwingine, na huko nyuma ndiko kunakorusha zaidi. Kitambaa cha kichwa cha mke wangu nilikuwa nakiona kwenye kioo cha nyuma cha basi. Basi likiingia kwenye shimo kichwa chake kinaruka, kinarudi, na mkono wa mkwe ule mzima unamkamata begani. Halafu naingia mimi kwenye shimo lile lile, na gari langu linapita kama halijaliona. Hivyo mpaka hospitali. Hakugeuka.

Nimewangoja nje ya geti. Walipotoka walipanda basi jingine, nikalifuata na hilo mpaka nyumbani, taratibu, nikiwa na nafasi ya watu wanne ndani.